Nafasi ya Nyar Awasi

Okech, wewe mtu wa kelele,

Kwanza nikuamkue, ingawa sijui huko mnaamkuana saa ngapi. Mimi ni Ogola, mpiga dramu wako, yule uliyekuwa ukisema ana mkono wa mtu anayefukuza nyoka jikoni. Bado niko hai. Najua hiyo inakuuma, maana tulibishana miaka na miaka nani atamzika mwenzake, na ulikuwa na uhakika ni wewe utanirushia udongo. Basi udongo nilikurushia mimi, konzi moja kubwa, halafu nikateleza karibu nikufuate shimoni. Watu wakasema ni uchungu. Haikuwa uchungu, omera, ndugu yangu. Ilikuwa viatu vya kuazima.

Uchungu ulikuja baadaye, nilipofika nyumbani nikataka kukupigia simu nikuambie nilivyoteleza.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua nzuri huanza na salamu, kisha hali ya hewa, kisha jambo lenyewe. Mimi niliacha shule kabla hatujafika kwa jambo lenyewe, kwa hivyo utanivumilia nikizunguka. Hali ya hewa: joto. Ziwa limevaa magugu yake tena, kijani kibichi mpaka ukadhani unaweza kuingiza ng'ombe wakale. Wavuvi wa Dunga wanasukuma mashua kama watu wanaosukuma lori lililokwama kwa matope. Goti langu la kushoto limekataa kazi, la kulia linafikiria. Na sasa jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni kwamba umekuwa mtu wa mapenzi.

Ndiyo, wewe. Kiboko. Mtu aliyeimba rock katika mji huu wakati kila mtu alitaka benga. Mtu aliyevaa jaketi ya ngozi yenye misumari hapa Kisumu, mahali ambapo mchana hata mbuzi anatafuta ukuta wenye kivuli. Mtu ambaye akitoa ile sauti yake pale ufukweni, viboko wenyewe walikuwa wanazama wakaulize wakubwa wao nani amekuja. Albamu yako ya mwisho, *Sauti ya Chini*, ile ya nyimbo laini za mapenzi tupu, imetoka na imeshika mji. Watu wa boda boda pale Kondele wanaiweka wakibeba akina mama na mizigo ya omena, dagaa wetu wa ziwani. Kinyozi wangu siku hizi ananinyoa polepole, anafumba macho kiitikio kikifika, nimeanza kuhofia masikio yangu. Jumapili moja pasta alisimama akaambia wanaume wa kanisa waige mfano wa Kiboko. Pasta yule yule, Okech, aliyesema zamani gitaa lako lina mkia na pembe. Nilicheka mpaka mama mmoja akanipa leso, akidhani nimeguswa na Roho.

Lakini hiyo albamu kidogo iharibike. Na sababu ni wewe na tabia yako ya kutosema kitu.

Unakumbuka tulivyoirekodi. Daktari alikuwa amekukataza kupiga kelele, akasema kifua kimechoka. Mtu mwingine angekaa chini afuge kuku. Wewe ukaita bendi nzima nyumbani kwako Nyalenda, ukasimamisha magodoro ukutani ili kuku wa jirani wasiingie kwenye rekodi, ukasema kama huwezi kuunguruma basi utanong'ona. Kisha ukaninyang'anya fimbo zangu. Ukanipa brashi, vile vifagio viwili vya waya, ukaniambia nizifagie ngoma badala ya kuzipiga. Mimi. Mtu aliyepasua ngozi za dramu kutoka Busia mpaka Nakuru, naambiwa nifagie kama bi harusi asubuhi ya kwanza kwa mama mkwe. Nilifagia. Ulikuwa mgonjwa na ulikuwa na kichwa ngumu, na mtu mwenye vyote viwili hashindwi.

Na kila wimbo ulikuwa na lile jambo. Baada ya kiitikio cha pili unainua mkono, na sisi sote tunanyamaza. Gitaa kimya, besi kimya, vifagio vyangu hewani kama vya mchawi aliyekosa kibali cha kuruka. Wewe unaangalia mlango wa jikoni. Na mlangoni hakuna mtu, kwa sababu mke wako, Nyar Awasi, alikuwa amebeba jiko lake na sufuria zake akahamia kwa jirani siku ile ile tulipoleta vyombo, kama alivyofanya maisha yenu yote ukianza kuimba. Unaangalia tu mlango mtupu, muda wa mtu kusema maneno mawili matatu ya maana. Halafu unarudi kwa wimbo, na kila wimbo ulirudi na mstari ule ule: "Nimesikia, mama, nimesikia."

Nikakuuliza umesikia nini na hakuna mtu amesema kitu. Umesikia kuku? Bendi ikacheka. Nikasema basi acha nijaze hapo na dramu kidogo, mahali hapo panalia njaa. Ukanitazama vile ulikuwa ukinitazama nikigusa kichwa cha samaki wako.

"Acha hapo, Ogola," ukasema. "Hapo pana mwenyewe."

Mimi nikadhani ni zile dawa. Na kabla mvua za masika hazijaisha ukaenda, na sikukuuliza tena.

Habari za nyumbani sasa. Nyar Awasi yuko mzima, mdomo wake pia mzima. Ile jaketi yako ya misumari ameifanya askari wa shamba. Sikudanganyi. Amepigilia mbao mbili katikati ya sukuma wiki zake, akazivika jaketi, akaweka sufuria kuukuu juu iwe kichwa. Ndege hawakaribii. Nilipomuuliza kwa nini ameifanyia jaketi ya Kiboko hivyo, alisema ilifukuza watu wazima miaka yote, ndege ni nini. Mara ya kwanza kuiona kutoka njiani, nilidhani ni wewe, umesimama vile vile ulivyokuwa ukisimama jukwaani. Miguu haikuwepo lakini kiburi kilikuwepo.

Binti yenu Apiyo ndiye aliyeibeba rekodi mpaka studio moja mjini ikasafishwe. Fundi wa sauti akasikiliza, akatingisha kichwa kwa raha, halafu akasema kazi ni nzuri sana lakini ina mashimo. Kila wimbo shimo moja. Akamwambia watu wakisikia kimya cha namna hiyo redioni watadhani stima imepotea. Ama akikate hicho kimya aunganishe wimbo, ama tuweke kitu ndani. Apiyo akanipigia simu, sauti yake ya unyenyekevu ile anatumia akitaka kitu, "Baba, si wewe unaweza kupiga kitu hapo?"

Okech, nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa kwa kamba. Nilitoa fimbo zangu chini ya godoro. Nikafanya mazoezi juu ya meza, juu ya mlango, juu ya debe la majirani mpaka wakaomba amani. Nilikuwa na ngurumo tayari, moja kwa kila shimo, ndefu, yenye mlima na bonde. Kitu kimoja tu kilikosekana: zile sahani kubwa za dramu, ambazo ulikuwa umezificha chini ya kitanda chako nisizipige. Nikaenda kwako kuzichukua.

Nilimkuta Nyar Awasi nje, amekaa kwa kigoda, anachambua omena kwenye sinia. Nikamwambia nimefuata nini na ni kwa nini. Aliendelea kuchambua. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, hayo mashimo yako wapi hasa. Nikamwambia baada ya kiitikio cha pili, kila wimbo. Akauliza mzee alikuwa akifanya nini hapo. Nikamwambia anainua mkono, ananyamazisha kila mtu, anaangalia mlango wako wa jikoni kama anayengoja chai, halafu anaimba eti "Nimesikia, mama, nimesikia," na hakuna mama yeyote amesema kitu.

Mikono yake ikasimama juu ya sinia. Paka akaiba omena moja na hakumfukuza.

Akaniambia nilete beseni lile la kufulia. Akataka nimpigie, kwa mkono, kile kimya kina urefu gani. Nikapiga polepole, vile nilivyokuwa nikihesabu moyoni vifagio vikiwa juu. Akasema tena. Nikapiga tena. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, machozi yanateremka na yeye hata hayapangusi.

"Mwambie Apiyo asiguse," akasema. "Hiyo nafasi ni yangu. Mjinga huyu ametembea dunia nzima kuniletea."

Hapo ndipo nilipokumbuka ile bugi, ile dansi yetu ya mchana. Wewe unaijua hadithi hii kuliko mimi, lakini wacha niisimulie, kwa sababu ukiisimulia wewe unajifanya mshindi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbini, wakati bado tulikuwa na viuno. Tulikuwa tunapiga rock na watu walikuwa wanajaribu kuicheza kama benga, na mara kwa mara mtu anasimama anataka pakruok. Wewe ulichukia pakruok kama paka anavyochukia mvua. Babu zetu wote walicheza muziki hivyo: mtu anasema simamisha, bendi inanyamaza katikati ya wimbo, anajisifu, anasifu watu wake, mimi ni simba, mimi ni mvua ya Agosti, kisha anasema endeleeni na wimbo unaendelea. Lakini wewe ulikuwa umesikia rock kwenye redio na hukusikia mtu akiisimamisha. Ulisema rock ni treni, haisimami kwa kila mtu mwenye kuku.

Akasimama msichana mmoja wa gauni la njano, binti wa kutoka Awasi, uliyekuwa ukimfuata tangu Krismasi. Akainua mkono akasema, "Simamisha." Ukumbi ukageuka. Hata mimi nilipunguza. Na wewe, Okech, ukamwangalia machoni, ukafunga macho, ukapiga ukelele mrefu kuliko wote niliowahi kusikia. Msichana alisimama na mkono wake juu mpaka wimbo ukaisha. Halafu akaja mbele ya jukwaa akakuambia, kila mtu akisikia, kwamba hatakanyaga tena mahali unapoimba mpaka siku utakaponyamaza umpe nafasi yake.

Ukacheka. Baadaye ukamwoa, na ukaacha kucheka.

Kwa sababu alimaanisha. Alikuzalia mapacha, alikupikia samaki wa ngege kwa mchuzi mzito, alipaka jaketi zako mafuta ya kupikia zisipasuke, aliwafokea watu waliokusema vibaya sokoni Kibuye. Lakini kukusikiliza, hapana. Ulipoimba Nairobi watu wakavunja viti, yeye alikuwa nyumbani anapalilia. Ukifanya mazoezi sebuleni, anakumbuka amesahau chumvi dukani. Watu waliuliza kwa nini mke wa Kiboko haonekani, na wewe ulisema ni mtu wa kanisa. Nyote wawili mlikuwa mnacheka jambo hili mezani, mlitaniana nalo kama mfupa mzuri, na hakuna aliyeuachilia. Mimi nilidhani limekuwa utani tu. Sikujua kwamba mmoja wenu alikuwa bado ameinua mkono, na mwingine alikuwa anatafuta mahali pa kunyamaza.

Basi nikarudisha beseni. Nikamuuliza Nyar Awasi kama atakuja siku ya uzinduzi aichukue nafasi yake. Akafunga kitambaa chake vizuri.

"Sijasema nitakuja," akasema. "Yeye alichelewa. Mtu aliyechelewa pia angoje."

Nilimwambia Apiyo ukweli wote. Akaenda kwa yule fundi akamwambia mashimo yabaki jinsi yalivyo. Fundi akasema watu watalalamika. Apiyo akamwambia walalamike kwa marehemu.

Uzinduzi ulikuwa Dunga, mchana, karibu na wale akina mama wanaokaanga samaki. Apiyo alipanga vizuri. Sauti yako inatoka kwa spika, na sisi bendi tunapiga juu yake, wazee watupu, tumekaa kama watu wanaongoja matokeo ya hospitali. Mbele kabisa kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Apiyo alikiwekea mkoba wake watu wasikikalie. Kila mtu aliyepita aliuliza ni cha gavana, na kila mtu aliambiwa ni cha mkubwa kuliko huyo.

Mimi nilikuwa na vifagio mkononi, mtiifu. Lakini ndani ya soksi, Okech, nilikuwa na fimbo zangu. Nilijiambia kwamba huyo mama asipokuja, sitaacha wewe uonekane mjinga mbele ya Kisumu nzima, unamwambia mtu umemsikia na mtu hayupo. Wimbo wa mwisho ukifika na kiti bado kitupu, nitajaza.

Wimbo wa kwanza ukafika pale. Kimya. Yule mtu wa jenereta alikimbia kuangalia jenereta. Watu wakaanza kutazama nyaya. Kisha sauti yako ikatoka, laini, "Nimesikia, mama, nimesikia," na mtu nyuma akauliza amesikia nini sasa. Wimbo wa pili, kimya tena, na mzee mmoja wa Obunga aliyekuwa ameshiba chang'aa akaona hapo ni pake, akasimama akaanza kujisifu kwamba yeye ndiye chatu wa bonde. Nilimrushia kifagio. Kilimpata kifuani akakaa chini, na nikapiga sehemu iliyobaki kwa mkono mmoja mpaka kikarudishwa. Wa tatu, wa nne, hivyo hivyo. Kila mara tunanyamaza, kila mara mkoba wa Apiyo unatuangalia kutoka kwenye kiti. Nilimwona mtoto wako anauma mdomo. Watu walikuwa wamepoa, wengine wameshaenda kununua samaki. Na wewe kwenye spika unaendelea tu kusema umesikia, umesikia, kama mtu anayebisha hodi kwa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Ule unaoimba karibu bila pumzi, gitaa moja tu na vifagio vyangu. Kiitikio cha kwanza. Mstari. Nikaweka vifagio chini, nikainama kama mtu anayejikuna, nikatoa fimbo. Kiitikio cha pili kikafika. Nikaziinua.

Halafu nikakuona.

Sikudanganyi, nilikuona wewe unakuja katikati ya meza za samaki, mabega yale, misumari inang'aa kwa jua, watu wanakupisha. Fimbo zikanitoka mikononi, moja ikabingirika mpaka majini na bado iko huko na magugu. Kisha jaketi ikakaribia, na ndani yake alikuwa Nyar Awasi. Imemfika magotini. Chini gauni lake la kanisa, juu kitambaa cheupe, na kwenye bega moja la jaketi bado kuna kinyesi cha ndege, kwa hivyo wengine walikuwa wanakaribia, alinidanganya. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama mbele ya spika, pale pale alipokuwa amesimama zamani mbele ya jukwaa, na kiitikio kikaisha, na sote tukanyamaza.

Akainua mkono.

"Simamisha," akasema, na muziki ulikuwa umeshasimama, watu wakacheka. Hakungoja wamalize.

"Mimi ni Awino, nyar Awasi. Mimi ndiye niliyempikia Kiboko akapata nguvu ya kunipigia kelele. Kisumu yote mlikuwa na sauti yake, mimi nilikuwa na kukoroma kwake, na sikuwaonea wivu. Mimi ni mlango wa jikoni uliokataa kufunguka mpaka ubishwe kwa adabu. Leo mtu amebisha. Okech, ulikuwa na kichwa ngumu, lakini changu ni ngumu zaidi, na ndiyo maana nilikupenda. Endelea, mzee."

Na wakati ule ule, omera, wakati neno mzee bado liko midomoni mwake, ukaitika kwenye spika:

"Nimesikia, mama, nimesikia."

Alikuwa amepima. Lile beseni. Alikuwa amekaa kwake na omena zake akipima maneno yake yaingie kwenye kimya chako kama mguu kwenye kiatu, na yaliingia, hayakubaki wala hayakupungua. Dunga ililipuka. Akina mama waliacha samaki waungue, wakapiga vigelegele. Apiyo alikuwa amekaa chini kwenye mchanga na gauni lake la pesa nyingi, anacheka na kulia vyote pamoja. Mtu wa jenereta alinikumbatia mimi, simjui hata jina. Mpiga besi wetu, ambaye hajaonyesha meno tangu tupate uhuru, alionyesha yote manne. Na Nyar Awasi akausogeza ule mkoba, akakaa kwenye kiti chake, akafunga vifungo vya jaketi, akasikiliza wimbo wako mpaka mwisho. Akainamisha kichwa kidogo tu. Sikumtazama sana. Mambo mengine ni ya watu wawili.

Tangu siku hiyo mji umepata wazimu. Kila mtu amejua mashimo ni ya nini. Redioni mtangazaji akifika pale anajisifu mwenyewe, halafu anapokea simu za watu wanaotaka nafasi ya wimbo ujao. Pale kwa mfereji wa Nyalenda, akina mama wakipanga madebe foleni, mmoja anaweka wimbo kwa simu, kimya kikifika anasimama juu ya debe: mimi ni nyar Ugenya, mimi ni moto wa mavi ya ng'ombe, siwaki haraka lakini sizimi. Na wewe unamjibu kwamba umemsikia. Wanaume walionyamaza na wake zao tangu mavuno wananunua albamu, wanaiweka chakula cha jioni kikiwa mezani, wanakohoa, wanangoja. Wewe uliyefukuza pakruok kama mwizi, sasa ndiye baba yake. Nimecheka, nimecheka tena, na natumaini huko uliko wanakutania bila huruma.

Nyar Awasi haachi shoo hata moja. Amekuwa mzigo. Kila mara anakuja na maneno mapya, hajawahi kurudia, na kila mara yanaingia sawasawa. Sasa ananiambia mimi kwamba nakimbia kwenye kiitikio. Mimi. Anasema alikuwa hajui kwa nini muziki wako ulikuwa na haraka, sasa amejua, ni Ogola. Jaketi haijarudi shambani. Ndege wamemaliza sukuma wiki zote na yeye anasema waache wale, nao wana watoto.

Jana jioni nilipita kwake nikamkuta jikoni, mlango wazi, redio iko juu ya kabati, wewe unaimba. Alikuwa anasonga ugali. Hakuhama.

Basi nikuache upumzike, ingawa sijawahi kukuona ukipumzika na sijui inakukaa vipi. Lala salama, Okech, ndugu yangu wa fimbo na nyaya. Ukikutana na wapiga dramu huko usiwasifu sana, nitajua. Na nakuahidi hivi: siku zote nitakazobakiwa nazo, kila tutakapofika pale baada ya kiitikio cha pili, nitaviinua vifagio vyangu na mikono yangu haitatikisika. Sitajaza. Hata goti likiniuma, hata chatu wa bonde akisimama, nitangoja mpaka mwenyewe amalize. Na siku Nyar Awasi atakapokuja huko kwako, nitahakikisha hicho kimya hakirithiwi na mtu, Apiyo atakisimamia baada yangu, tumeshakubaliana.

Sasa simamisha kidogo, na mimi nijisifu, maana hukuwahi kuniruhusu. Mimi ni Ogola, mkono wa kufukuza nyoka. Mimi ndiye niliyekuzika kwa viatu vya kuazima. Mimi ndiye rafiki uliyemnyima samaki na hukumnyima kitu kingine chochote.

Hapa chini nakuachia nafasi. Ni yako. Jisifu vile unavyotaka, hakuna mtu atakayepiga kelele.

&nbsp;

&nbsp;

Nimesikia, omera. Nimesikia.